Sahani ya Nyama Isioshwe

Leokadia alilelewa Bukoba na mama asiyekuwa na mchezo kwenye mambo ya vyombo. Sahani ya jirani ikiingia nyumbani na chakula, itaoshwa mpaka ing'ae, halafu itarudi na kitu juu yake: ndizi mbivu mbili, kikombe cha maharage, hata ndimu tatu. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mtu usije tena mlangoni kwangu. Leokadia alivuka bahari na adabu hiyo, na mwaka wa pili sasa alikuwa nayo Bowie, Maryland, nyumbani kwa Bibi Audrey. Kazi yake ilikuwa kumtunza: amwogeshe, ampikie, ampe dawa, na jioni aandike kwenye daftari yaliyotokea mchana.

Bibi Audrey alikuwa na miaka themanini na mbili. Alizaliwa kijijini Uingereza, mashambani kabisa, akaolewa na fundi wa ndege za jeshi la Marekani, akaletwa huku. Mume alishafariki. Mtoto alikuwa mmoja tu, Jacqueline, mtu wa kazi za kompyuta kule Herndon. Alikuja kila Jumapili, na katikati ya wiki Leokadia alimtumia picha za kurasa za daftari.

Mwezi wa Novemba, Nyaguthii, nesi Mkenya wa nyumba ya jirani, alinunua nusu nguruwe kwa mkulima. Jumatatu akakaanga maini na vipande vya mafuta kwa vitunguu, akaleta sahani imefunikwa.

"Mwambie shosho akule ikiwa moto," alisema mlangoni. "Na asiniambie ati hana njaa!"

Bibi, ambaye wiki nzima alikuwa akidonoa chakula kama kifaranga, alinusa mara moja tu akavuta kiti. Alikula yote. Leokadia alipoinyooshea mkono sahani, bibi akaushika ukingo wake.

"Usiioshe."

"Nini, Bibi?"

"Irudi hivyo hivyo. Usiioshe, tafadhali."

Leokadia akadhani ni utani. Sahani yenye mafuta, irudi kwa mwenyewe! Si watasema Watanzania ni wachafu? Bibi aliposinzia kwenye kiti akaiosha, akaikausha, akapanga maandazi manne juu yake, akaipeleka. Bibi alipoamka akaangalia meza, akauliza, akajibiwa. Hakupiga kelele. Machozi tu yalimtoka.

"Sasa nyama yao itaoza," alisema. "Na wana watoto."

Jioni Leokadia akaandika: Bibi amekataza sahani isioshwe, amelia. Jumanne bibi akauliza kama nyama ya jirani imeoza. Akaandika. Jumatano akauliza tena. Akaandika. Alikuwa mtu wa kuandika kweli, na hakuona ubaya wake mpaka Alhamisi Jacqueline alipopiga simu.

"Nimesoma," Jacqueline alisema, sauti imechoka. "Akili inamwacha, sivyo? Kuna nyumba ya wazee karibu na kwangu, wamepata nafasi. Jumapili nakuja na fomu. Usimwambie Mama bado."

Leokadia akabaki ameshika simu. Bibi alikuwa amesema mara nyingi kwamba nyumba hii atatoka amebebwa tu, na wabebaji wajipange kwa sababu ngazi ni nyembamba. Alisema akicheka, lakini alimaanisha. Na mkono utakaomtoa ulikuwa huu hapa, wa Leokadia, ulioshika kalamu.

Ijumaa ikapita. Jumamosi, kwenye chai, swali likaja tena.

"Nyama ya yule mama, imeoza?"

Kwenye mafunzo ya kazi waliambiwa: mzee akirudia jambo lisilo na kichwa wala miguu, badilisha mazungumzo. Ndivyo alivyofanya wiki nzima. Siku hiyo akavuta kiti, akakaa.

"Bibi, kwani sahani ikioshwa nyama inaozaje?"

Bibi Audrey akamwangalia kama mtu aliyengoja sana kuulizwa.

Akasema kwao kila nyumba ilifuga nguruwe mmoja. Vita vilikuwa vimekwisha lakini nyama ya dukani bado iligawiwa kwa kadi, kidogo kidogo, kwa hiyo nguruwe ndiye aliyekuwa benki, ndiye sikukuu. Majirani hawakuchinja pamoja. Wiki hii nyumba hii, wiki ijayo ile, maana friji hazikuwepo, na maini hayangoji. Aliyechinja alipeleka sahani kila mlango, na zamu ikizunguka, kijiji chote kilikula nyama isiyolala msimu mzima. Mapaja yalilazwa kwenye chumvi, yakawa ya mwaka. Watoto ndio waliobeba sahani, wakiwa na onyo moja: msikubali ioshwe. Sahani ya maini ikioshwa, nyama iliyobaki nyumbani haishiki chumvi.

"Nilikuwa na miaka minane," alisema. "Nilimpelekea mjane wa mwisho wa barabara. Akala, akanipa sahani kama ilivyo. Njiani nikateleza, ikaangukia matope. Pale palikuwa na bomba la mkono la kijiji. Nikaangalia huku, nikaangalia huku. Nikaiosha."

"Ukamwambia mama yako?"

"Nimwambie? Nikaikausha kwa gauni. Mwezi wa pili paja likatoa harufu. Baba alilibeba kwenye toroli akalizika bustanini. Tukala viazi mpaka majira ya joto. Mdogo wangu alikuwa akiuliza kila siku, nyama iko wapi." Akazungusha kikombe. "Sijamwambia mtu. Wewe wa kwanza."

Leokadia akamwongezea chai.

"Kwetu," akasema, "sahani ikirudi chafu na tupu, ni matusi mawili kwa safari moja."

Bibi akaanza kucheka, mabega yakatikisika. "Maskini wewe! Kumbe ulikuwa unaniokoa na aibu."

Leokadia akavaa koti, akaenda moja kwa moja kwa Nyaguthii, akamweleza. Nyaguthii akashika kiuno.

"Wee, nyama iko friza, imekuwa mawe. Itaoza saa ngapi? Mwambie shosho kesho naleta ingine ajionee."

Jioni Leokadia akafungua daftari. Kurasa za nyuma hakuzichana, kwa sababu hazikuwa uongo, zilikuwa nusu tu. Akaandika kurasa tatu: nguruwe, zamu, matope, bomba, toroli. Mwisho akaandika: Kosa la kuosha ni langu. Bibi alinikataza vizuri.

Jumapili Jacqueline akafika na bahasha. Akasoma amesimama, koti bado mwilini. Akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia haya?"

"Wewe nguruwe hukumpenda toka utotoni," bibi akajibu. "Ningeanzia wapi?"

Jacqueline akavua koti. Sahani ya Nyaguthii ilishafika, wakaila wote watatu, Jacqueline naye, akichagua vipande visivyo na mafuta. Bibi akamtajia nyumba za kijiji moja moja, nani alichinja lini, nani alikuwa mchoyo wa maini. Walipomaliza, Jacqueline akainuka kwa mazoea, akafungua maji ya sinki.

"Usiioshe!" Bibi na Leokadia wakapiga kelele pamoja.

Akafunga maji. Akaangalia sahani, akaangalia bahasha mezani, akaichukua akaisokomeza kwenye mkoba bila kuifungua.

"Nitawapigia kesho," akamwambia Leokadia taratibu. "Nafasi wampe mwingine."

Akashika mlango aipeleke sahani mwenyewe. Leokadia akamwahi na chupa ya jamu, akaitia kwenye mkono wake wa pili.

"Chafu sawa," akasema. "Tupu, hapana."

Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, majani yalikuwa yameloa. Jacqueline akatembea polepole, sahani mbele yake kama kitu cha kanisani. Bibi Audrey akafungua dirisha.

"Angalia matope, mwanangu!"