Jina Langu, Kiuno cha Mwenzangu

Nilikuwa nimejifunza programu ya majedwali ya kompyuta juzijuzi tu, lakini ofisi yetu nzima pale mtaa wa Gerezani ilishaniita mtaalamu, maana nilijitangaza mwenyewe. Nikapewa orodha ya wafanyakazi na vipimo vya viuno vyao, kwa ajili ya sare za gwaride. Nikaiamuru kompyuta ipange majina kwa alfabeti. Ikapanga majina peke yake, vipimo vikabaki palepale. Mimi, kwa maringo, sikukagua. Mafundi wa Kariakoo wakashona.

Asubuhi ya gwaride tarishi wetu mwembamba akatokea ameshikilia suruali kwa mikono miwili. Nikamcheka mpaka machozi.

Ndipo meneja, mwenye kitambi chake, akaniita akiwa nyuma ya mlango:

“Ndugu mtaalamu, njoo. Imefika mapajani, haipandi wala haishuki.”