Gauni la Manjano

Kila nikifungua kabati la suruali zangu ikanipiga harufu ya nafthalini, hujikuta uani kwa bibi, Mishomoroni, adhuhuri ya jua kali.

Asubuhi hiyo daktari alikuwa amemsomea mama majibu ya vipimo vyangu: maumbile yangu yaliwachanganya wakunga, na yule aliyemlea miaka saba kama binti alikuwa mvulana. Mama alilia njia nzima. Bibi hakulia. Alitoa magauni yangu sandukuni, akayakunja polepole kama anayemvisha maiti, akachimba shimo nyuma ya jiko. Lile la manjano nilimshikia mimi mpaka zamu yake ikafika.

"Tunamzika nani, bibi?"

"Dada yako. Na kuanzia leo ukiitwa usiitike abee kama wasichana. Sema naam."

Alishindilia udongo kwa miguu. Kisha akaliita jina langu la zamani, mara moja tu, kama mtu anayejaribu mlango aliokwisha kuufunga. Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Abee," tukasikia.

Bibi hakunitazama mimi. Alitazama chini, akaongeza udongo.