Bafle la Baba na Ukuta wa Bibi

Juzi nilipita gereji moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, kuulizia kioo cha gari, nikakutana na harufu. Gundi iliyoungua na shaba ya moto. Kijana wa pale alikuwa ameshika spika iliyokufa, anainusa kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Mimi sikuhitaji kunusa mara mbili. Nilijikuta nasema kwa sauti: Baba, Mungu akurehemu, lakini ulituchosha.

Niwaeleze. Wakati wa vita, dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa Kanyosha, na sisi tulikaa Ngagara. Harusi za siku zile zilifanywa asubuhi, haraka haraka, watu wakila wali na kurudi kwao kabla barabara hazijafungwa, na msafara wa magari haukuruhusiwa kusimama njiani. Sasa njiani, mtaa wa Jabe, ndipo alipokaa Bibi, mama yake Baba. Miguu ilikuwa imemkataa, masikio yamebaki nusu ya nusu, na kuihama nyumba yake alikataa katakata. Zuhura alilelewa naye, akaomba kitu kimoja tu: Bibi ajue kwamba amepita.

Mtu mwingine angetuma mtoto akamwambie. Baba alinunua bafle.

Lilikuwa sanduku jeusi lililojaza buti yote ya Corolla yetu, na ndani yake spika ya besi, pana kama sinia ya pilau. Wazo lenyewe, lazima nikiri, halikuwa baya. Kitanda cha Bibi kiliegemea ukuta wa barabarani, ukuta usio na dirisha, na besi nzito hupenya ukuta hata kama sikio halifanyi kazi. Atatusikia kwa mgongo, alisema Baba. Lakini ampli, yaani kikuza sauti cha kulisukuma bafle hilo, ilikuwa kidude kidogo, kimetolewa kwenye gari la zamani ambako kazi yake ilikuwa vispika vya milangoni. Issa, fundi na rafiki yake tangu utoto, alimwambia atafute ampli inayolingana na spika, na akiikosa, basi hiyo ndogo asiifungulie hadi mwisho. Akisikia inakoroma, apunguze. Baba alicheka. Kwake ampli ndogo ndiyo ilikuwa usalama wenyewe: kubwa itaunguza spika, sawa, lakini ndogo itaunguzaje? Mtaa mzima ulimuunga mkono. Kila mtu alikuwa na diploma ya ampli mwaka ule.

Siku ya kujaribu tuliegesha nje kwa Bibi. Baba akafungulia redio hadi mwisho, akazungusha kila kifundo hadi mwisho, na ikatoka sauti ambayo sijui niiite nini. Muziki haukuwamo. Ilikuwa du, du, du ya kukwaruza, na mabati ya jirani yote yakaitika. Jamani, Jabe ya wakati ule, du ilikuwa na maana moja tu. Mwanamke mmoja alitoka na mkeka na sufuria ya maharage, mwingine akabeba mtoto asiye wake, na kabla Baba hajazima, nusu ya barabara ilikuwa inakimbilia Buyenzi. Mkuu wa mtaa alikuja kutukaripia, na alikuwa na haki. Mama alijifungia garini kwa aibu. Lakini mle ndani Bibi alikuwa amelaza kiganja ukutani, anacheka hadi machozi. Imenifika hapa, alisema, akajigusa kifua. Nani angemwambia Baba kitu tena?

Siku ya harusi akaanza kulifungulia tangu Ngagara. Mama alimwambia apunguze, amwekee Bibi. Zuhura alimwambia, kwa adabu, chini ya shela. Issa, kwenye gari la nyuma, alipiga honi na kuonyesha kwa mkono: shusha, shusha. Baba alidhani anashangilia, akamjibu kwa honi. Besi ikaanza kukoroma, ikakohoa, halafu ile harufu ikatoka kwenye buti pamoja na moshi mwembamba. Tulikuwa tumebakiza kona moja.

Tukapita kwa Bibi kimya. Baba alipita mlango wa mama yake mzazi akibonyeza vitufe, Mama amemshikia usukani, wanajeshi wanatupungia tusonge.

“Papa, simama,” Zuhura alisema. “Mi nilikuomba kitu kimoja tu.”

Baba akasema apana, tukifika Issa atatengeneza, tutarudi mara moja. Issa alichungulia kwenye buti akatikisa kichwa, na nyuma yetu barabara ikafungwa hadi alasiri. Zuhura alilia harusi nzima. Wakwe walifurahi, wakaona wamepata bibi harusi mwenye heshima.

Kijana wa gereji amenieleza vizuri. Ampli ndogo ikilazimishwa, mawimbi ya sauti hukatwa juu na chini, spika inabaki kupokea joto tupu, na ule waya wake wa ndani unaungua. Ampli kubwa, ikifunguliwa kwa kiasi, isingelidhuru bafle la Baba. Issa aliyasema hayohayo. Tulimcheka.

Tuliporudi Jabe, jua lilikuwa bado kali. Bibi alikuwa peke yake tangu asubuhi, maana hata binamu aliyemtunza tulikwenda naye. Alikuwa amejiburura kutoka kitandani hadi sakafuni, shavu limegandamana na ukuta, kanga kichwani, tasbihi mkononi, na alichokuwa anakisoma ni kile kinachosomewa marehemu. Na Baba, wallahi, akaanza kumweleza habari za ampli.

“Ukuta haukulia. Mi nilijua mumekufa wote,” Bibi alisema.

Bibi akaanza kutushika nyuso, mmoja mmoja, akitaja majina: Baba, Mama, binamu, mimi. Akauliza Zuhura iko wapi. Tukamwambia kwa sauti, iko Kanyosha, kwa bwana yake. Akarudia kushika nyuso tangu mwanzo, akauliza tena. Mimi nilikuwa na njaa, mikono yake inanuka mafuta ya karafuu, nikakwepa, akanivuta. Nilidhani ni mapenzi ya bibi kwa wajukuu, na kwamba anayazidisha.

Sasa nina watoto wangu, na kuna jioni wanachelewa na simu haishikwi. Wakiingia, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye nyuso zao, nao wanakwepa. Bibi hakuwa anatubembeleza. Alikuwa anatuhesabu.