Saa Sita za Mkuu wa Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye shirika la umma la kutoa mizigo pale Kurasini, nilivaa viatu vya mchuchumio vilivyong'aa. Mkuu wa Kompyuta, mzee wa Njombe asiyecheka ovyo, hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Vua viatu, binti. Chumba hiki hakitaki vumbi." Nikaingia peku, mtoto wa Temeke mie na maringo yangu yote.

Enzi hizo hakukuwa na picha wala kipanya. Kioo cheusi, maandishi ya kijani. Unaandika amri, mashine inajibu. Ndani yake mlikuwa na saa iliyohesabu sekunde tangu mwaka wa sabini uanze, haichoki wala haiendi likizo.

Mwaka tisini na nane shirika likauzwa. Mkuu akaambiwa astaafu, na tajiri mpya akasema hakuna sherehe. Hata soda, jamani! Iliniuma sana. Nikagundua siku yake ya mwisho ndiyo hesabu ile ingefika sekunde milioni mia tisa. Nikaandika programu ndogo: ukiandika amri HESABU, inaonyesha muda uliobaki, ukiisha, inapiga kengele na kujaza kioo hongera. Mzee wangu angeagwa na mashine yake mwenyewe.

Siku ikafika. Saa tisa alasiri nikaandika amri. Zimebaki saa kumi! Yaani hadi saa saba usiku, na lango linafungwa saa mbili, na alfajiri Mkuu ana basi la Njombe. Machozi yakanilenga.

"Unalia nini?"

Nikamweleza yote. Akatazama kioo, akatazama saa yake ya mkononi, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Umesahau madereva wa malori walivyotusumbua na karatasi zetu? 'Saa kumi na tatu ndiyo saa ngapi, sista?' Mimi ndiye niliyeirudisha saa ya mashine nyuma kwa saa sita, isome kama tunavyosema sisi. Haya, irekebishe."

Nikairekebisha. Zikabaki saa nne, na hakwenda popote.

Saa moja jioni kengele ikalia, hongera zikajaa kioo kizima. Mkuu alisimama wima mpaka ikanyamaza, ndipo akaweka funguo mezani.

"Ahsante, mwanangu. Nilidhani nitaondoka kimyakimya."

Sasa nami nimestaafu, niko Chanika na kuku wangu. Mie waliniaga kwa keki na muziki, nikacheza hasa. Kabla ya kutoka nikaomba kuingia chumba cha mashine, nikavua viatu mlangoni.

"Mama, siku hizi hatuvui," vijana wakaniambia.

Nikawajibu najua, nikaingia peku.