Ushahidi wa Miguu ya Nyuma

Nikisikia harufu ya maua makavu ya pareto, pua hunirudisha kwenye stoo moja kule Subukia, madirisha yamezibwa kwa magunia mchana kweupe, nasi watoto wa darasa la sita tumebanana sakafuni tukingoja picha ianze.

Mwalimu wetu alikuwa ametusomea nusu ya kitabu kuhusu mnyama mwenye mwili wa fahali na mabawa ya tai, mlinzi wa chemchemi. Gari la sinema lilituletea hadithi hiyo mara mbili: Ijumaa moja kwa katuni, Ijumaa iliyofuata kwa picha ya watu. Mwalimu akatangaza mjadala: ipi ilikuwa bora? Mshindi angekwenda na kitabu nyumbani likizo nzima. Kilikuwa kimoja tu, nami nilikuwa naumwa kabisa kwa kutojua mwisho wake.

Darasa lote lilishika upande wa picha ya watu. "Ile nyingine ni michoro," alisema Kiprono, bingwa wetu wa kuongea. "Huyu tumemwona mwenyewe, na manyoya yake!" Akapigiwa makofi. Nikasimama peke yangu.

"Ulimwona akikimbia?"

"Nilimwona. Kwani wewe ulifumba macho?"

"Miguu ya nyuma ilikunjika vipi?"

Baba alikuwa mkamuaji kwenye shamba la mzungu, na mimi ndiye niliyefunga kamba miguu ya nyuma ya ng'ombe kila asubuhi kabla baba hajakamua. Nilikijua vizuri kile kiungo kinachochomoza kwa nyuma.

"Yule alikunja goti kwa mbele, kama wewe ukipanda ngazi," nikasema. "Ni watu wawili ndani ya ngozi! Wa katuni ndiye aliyekunja kama ng'ombe."

Hakuna mtoto mle darasani ambaye hakuwahi kushika kamba kama ile. Wakatazamana. Kisha msichana mmoja akaangua kicheko: "Kiprono, kumbe mnyama wako alivaa suruali!" Darasa likalipuka, Kiprono mwenyewe akicheka hadi machozi. Mikono ikainuka upande wangu, na kitabu kikaja kwangu.

Nilikimaliza kwa siku mbili. Nikarudia kukipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta ile miguu, na sikuipata. Mwandishi hakuitaja hata mara moja. Nilijivuna sana: hata yeye hakujua!

Ni chuo kikuu, baada ya kugombana na vitabu vikubwa zaidi, nilipoelewa kwamba mwandishi alituachia sisi wasomaji kazi hiyo. Mnyama wake alifika Subukia bila miguu, nami nikampa ya ng'ombe wa baba, akakimbia.