Pasi Iliyosikika Hewani

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mtangazaji wa redio ndogo ya mtaani anavaa visikizio, anasafisha koo, kisha anainamisha uso kama mtoto aliyevunja kikombe. Zimebaki dakika kumi na tano kipindi chake cha nyimbo mpya kianze.

Akisubiri, anaanza kusimulia yaliyompata.

Kwa miezi minane wasikilizaji wamemwita Sikio la Dhahabu, naye hakuchoka kujigamba: "Nimezunguka, nimechimba, nimewaletea!"

Hakuzunguka popote. Nyimbo arobaini na moja alizichota kwenye ukurasa wa mtandaoni wa mama mmoja mpiga pasi. Wanamuziki wachanga humtumia mama huyo kazi zao. Yeye huzicheza kibandani huku akinyoosha nguo za watu, anajirekodi kwa simu, anaeleza kila wimbo umemgusa wapi. Mtangazaji alikata maelezo, akabakiza wimbo.

Sauti ya mama aliikata. Pasi hakuisikia.

Jumanne iliyopita simu ya mama mmoja msikilizaji iliingia hewani.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimo ndani ya wimbo wako, napumua fyuu, fyuu, wala siimbi."

Mtangazaji akabahatisha filimbi. Akabahatisha upepo. Akasalimu amri.

"Ni pasi yangu, baba. Hiyo fyuu ni mvuke. Hapo nilikuwa nimefika kwenye kola."

"Nilikimbilia tangazo la sabuni," anasimulia mtangazaji, macho chini. "Nikamkatia simu mtu wa umri wa mama yangu."

Jioni mkewe alimwekea chakula, akamuuliza jambo moja tu: "Baba watoto, hata kumtaja kulikuwa kuzito?"

Juzi akamfuata mama kibandani. Mama akamtazama juu hadi chini. "Vua hilo shati, limekunjamana kama uongo wako."

"Nikaungama nimesimama na fulana yenye matundu," anasema, "wateja wananitazama."

Mama alimrudishia shati limenyooka. "Mimi nilishajua, mwanangu. Wasiojua wako huko kwenye redio yako."

Sasa anataka ukurasa wa mama utajwe kabla ya kila wimbo, na Jumamosi mama mwenyewe aje studioni kuchagua nyimbo. Mama hajakubali. Amesema atasikiliza kwanza.

Saa mbili kamili. Taa nyekundu inawaka. Mtangazaji anajinyoosha kola.

"Wasikilizaji, nyimbo zile sikuzitafuta mimi."