Siku Zakaria Alipokwenda Kulipiza Kisasi cha Kwenye Video

Siku ambayo mdogo wangu Zakaria alikwenda kulipiza kisasi naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilimfuata nyuma nikiwa nimevaa kandambili za mama, moja imekatika mkanda, nageuka nyuma kila hatua kama vile mimi ndiye mwenye kosa.

Tulikuwa tunaishi Kasansa. Baba alikuwa na shamba la mpunga bondeni, na mwaka ule alimwachia Zakaria sehemu yake alime mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameshachumbia. Mpunga ukaota vizuri. Halafu asubuhi moja tukakuta ng'ombe wameingia, wameula, na uliobaki wameukanyagia kwenye tope. Nyayo zilielekea kwa Masanja, mfugaji aliyehamia ng'ambo ya korongo. Zakaria alikaa kwenye tuta, hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Mtu mwingine angekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Lakini Zakaria alikuwa mtu wa video. Pale Kibaoni kulikuwa na kibanda cha video, jenereta inanguruma nyuma, sisi tumebanana kwenye mabenchi, na kuna jamaa anatafsiri kila kitu kwa Kiswahili chake mwenyewe, hata risasi zikilia yeye anacheka. Nisikudanganye, na mimi nilikuwa nakwenda. Sinema zilikuwa nyingi ila hadithi ilikuwa ile ile. Wabaya wanamchomea mtu nyumba, mtu anapotelea mlimani, anafanya mazoezi, anarudi na kuwamaliza mmoja mmoja. Tunapiga makofi, tunarudi nyumbani tumeridhika utadhani tumelipiziwa sisi.

Basi Zakaria naye akaanza mazoezi. Anapiga pushapu nyuma ya jiko, amejifunga kitambaa kichwani, na kitambaa chenyewe ni kipande cha kanga yangu. Tena alikuwa na hotuba. Nilimkuta akiwahutubia kuku: "Unanikumbuka? Ulidhani nitanyamaza? Leo utanijua!" Kuku wakatawanyika. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikamwona anainama kunoa panga, kicheko kikanikauka. Alitaka kuwakata miguu maksai wa Masanja, wale wawili anaolima nao. Mwanangu, unajua mambo ya wakulima na wafugaji yanavyokuwa. Ng'ombe akikatwa asubuhi, mpaka jioni watakatwa watu.

Siku aliyoondoka, baba alikuwa ametangulia shambani na mama amekwenda kuteka maji. Nikamfuata peke yangu nikimsihi njia nzima. Akanijibu kwa sauti nzito, ile ile ya yule mtafsiri wa Kibaoni:

"Dada, rudi. Hii ni safari ya mtu mmoja."

"Ya mtu mmoja na kanga umevaa yangu?"

Hakucheka. Akakata kushoto, tukapita ndani ya korongo kwenye miiba, eti tusionekane.

Sasa kwenye video adui huwa yupo nyumbani siku zote, amekaa tu anangoja kuuawa. Kwa Masanja hatukumkuta. Tulimkuta mama yake, Bibi Kabula, kibibi chembamba, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Mbwa aliinua kichwa akatuangalia, akalala tena.

Zakaria akatanua miguu. "Unanikumbuka?"

"Eeh?"

"Nimesema, unanikumbuka?"

"Sogea, ng'wanawane," bibi alisema, yaani mwanangu kwa Kisukuma. "Sikio hili limekufa. Wewe mtoto wa nani?"

Zakaria akanigeukia. Hotuba yake haikuwa na sehemu hiyo. "Mtoto wa mzee Luka, wa kule bondeni," akasema, halafu malezi yakamzidi nguvu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na panga umekuja nalo! Vizuri sana. Vijana wote wametoka na mimi sina kuni. Nikatie lile gogo pale."

Hebu niambie, ungefanya nini? Zakaria alikata kuni. Alizikata kwa hasira, ni kweli, lakini zilikatika.

Alipomaliza, bibi akatupatia maziwa ya mgando, na hapo Zakaria akashindwa kujizuia. Alimweleza yote, kuhusu shamba, mchumba, video, mpaka maksai aliotaka kuwakata. Kwa sababu ya lile sikio ilibidi aseme kwa kelele, na kila jambo alirudie, na nadhani nusu ya hasira ilimtokea kinywani pale pale. Bibi alisikiliza mikono ikiwa ndani ya maharage.

"Huyo mtu wako wa kwenye video," akasema mwishowe, "akishawamaliza wote, analima wapi?"

"Hawaonyeshi, bibi. Inaishia hapo."

"Nani anampikia?"

"Hana mtu. Mke wake aliuawa mwanzoni."

"Nyumba anayo?"

"Ilichomwa."

Bibi akatikisa kichwa. "Masikini ya Mungu. Na nyie mnatoa hela kwenda kumtazama?"

Maziwa yalinipalia. Zakaria alijikaza, midomo ikamtetemeka, akageukia pembeni. Bibi yeye hakucheka. Alimshika mkono, ule ule wa panga.

"Nisikilize. Ukiwakata wale maksai, Masanja wangu atakufuata. Ndugu zako watamfuata yeye. Mimi nimeshazika watoto kwa magonjwa. Sitazika mwingine kwa ajili ya majani yaliyoliwa na ng'ombe, na mama yako pia usimpe kazi hiyo. Umekosewa, haki yako ipo. Njoo uidai kwa mdomo." Akamwachia. "Tena huyo Masanja ametoka hapa alfajiri na maksai wake na plau, anakwenda kumwomba radhi baba yako. Zizi lilibomoka kwa mvua. Anataka awalimie upya mbegu iwahi. Hamkupishana njiani?"

Hatukupishana, mwanangu, kwa sababu sisi tulikuwa korongoni tunajificha.

Tulirudi mbio. Tulipofika juu ya bonde tukawaona, baba ametangulia mbele ya maksai, Masanja ameshika plau, udongo unageuka mweusi. Zakaria alichuchumaa, akalilaza panga kwenye majani. Sote wawili tulikuwa tunawaza jambo moja. Ingekuwaje kama wale maksai tungewakuta zizini?

Tuliposhuka, Masanja alimwona Zakaria, akasimamisha maksai. "Kijana, nisamehe. Nimeambiwa unaoa. Shika hapa, mimi nimechoka."

Zakaria akashika plau. Baba akamuuliza hicho kitambaa kichwani ni cha nini.

"Kichwa kinaniuma, baba."

Mpunga wa pili ulichelewa na haukuwa mwingi kama ule wa kwanza, lakini harusi ilifanyika, na Bibi Kabula alicheza akiwa amekaa kwenye kiti.

Sasa wewe, mwanangu, endelea na sinema zako kwenye simu, hata mimi ukiniwekea nitatazama, na huyo mbaya akipigwa nitapiga makofi. Kisasi kinalipa kule kwa sababu hadithi inakatwa pale pale panapopendeza. Yako haikatwi. Kesho yake utaamka, utakwenda sokoni, utamkuta mama wa yule uliyemuumiza ananunua dagaa pembeni yako. Mtu akikukosea, nenda ukamuulize mchana, mikono ikiwa mitupu. Usipomkuta, ngoja. Asipokusikia, wapo viongozi, wapo wazee, ipo mahakama. Itachukua muda, na muda huo utakuwa bado uko hai na huna damu ya mtu. Wala sikwambii unyamaze. Aliyenyamazia kosa huwa analala nalo. Sema, dai, lakini urudi nyumbani ukiwa yule yule aliyetoka.

Mungu akupe usingizi usioshtuka. Akupe majirani wasioona aibu kuomba radhi na moyo wako uwe mwepesi kuipokea. Na sisi wazee wako uje utuzike wewe, taratibu, tukiwa tumechoka wenyewe.